Kutembea si Ufukara

Hapa Tunduma mtu akionekana barabarani akienda kwa miguu mwendo wa zaidi ya saa moja, watu humtafutia sababu, nazo ni tatu tu: ama hana nauli, ama gari lake limemharibikia njiani, ama akili zimeanza kumruka. Sababu ya nne, kwamba ametoka nyumbani kwake kwa hiari ili aione nchi yake kwa mwendo unaomruhusu kuiona, haimo katika hesabu. Nimeishi katika mji huu miaka mingi, nimefundisha jiografia huku mpakani hadi nikastaafu, na neno ninalotaka kulisema hapa ni la kuitetea sababu hiyo ya nne. Nitalisema kwa ukali kidogo. Msomaji anivumilie, kwa kuwa ukali huu si wa ubishi mtupu. Nimewaona watoto wakinyimwa kitu kilicho chao kwa kisingizio cha kulindiwa heshima.

Kitu chenyewe ni jiwe. Katika kijiji cha Ndolezi, wilayani Mbozi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, kimelala kimondo kinachojulikana duniani kwa jina la Mbozi. Urefu wake ni kama mita 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 12 hivi. Tunakiita jiwe kwa mazoea tu. Kwa hakika ni chuma, kiasi cha asilimia 90, na karibu yote iliyobaki ni nikeli. Kimo miongoni mwa vimondo vikubwa kabisa vilivyopata kuonekana juu ya uso wa dunia, ingawa hakikifikii kile cha Hoba kilichoko Namibia, ambacho hukadiriwa kuwa na tani 60. Wataalamu wa kigeni walipata habari zake mwaka 1930 kupitia kwa mpima ardhi aliyeitwa W. H. Nott, wenyeji hawakungoja kuambiwa na mpima ardhi. Wakati huo sehemu ya juu tu ndiyo iliyokuwa ikionekana. Baadaye udongo ulichimbwa kukizunguka, ikaachwa nguzo chini yake, na nguzo hiyo ikaimarishwa kwa zege. Ndiyo maana leo mgeni hukikuta kimekaa juu ya kiti chake kama mzee wa baraza. Mwaka 1967 kiliwekwa chini ya ulinzi wa sheria, na miaka hii kinasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Hakuna simulizi la wenyeji linalosema kwamba babu wa fulani alikiona kikianguka. Kilikuwapo kabla ya hadithi zetu zote.

Sasa waulize wanafunzi wa Tunduma ni wangapi waliowahi kukigusa. Mimi nimeuliza swali hilo mwaka baada ya mwaka, na mikono iliyoinuka sikuhitaji zaidi ya vidole vya mkono mmoja kuihesabu. Watoto hao hao wanajua bei ya dola na kwacha ya asubuhi na ya jioni. Wanajua ni bidhaa gani ni rahisi Nakonde na ipi ni rahisi upande wetu. Wanaweza kukutajia urefu wa Mlima Kilimanjaro kwa mita, mlima ulio upande wa pili wa nchi. Lakini chuma kilichotoka mbinguni, kilicho mwendo wa basi moja na matembezi ya asubuhi kutoka kwao, wanakijua kwa picha ya kitabuni.

Mwaka 2017, nilipokuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu, nilipanga safari ya siku moja ya kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu, na nikaipanga iwe ya miguu. Naomba niieleze kwa kirefu, kwa sababu watu wengi hudhani matembezi hayana mipango. Ati mtu huamka tu na kwenda. La hasha. Safari ya gari ndiyo isiyohitaji akili, kwa kuwa dereva ndiye anayefikiri kwa niaba ya wote. Safari ya miguu humtaka kila mtu afikiri.

Kwanza nilichagua majira. Kati ya Juni na Agosti mvua zimekwisha, mahindi yameondoka mashambani na macho yanafika mbali. Asubuhi kuna baridi kali katika uwanda wa Mbozi, kwa hiyo sweta ni lazima. Lakini baridi hiyo ni rafiki wa mtembezi. Oktoba nayo ina jua la kuchoma na moshi wa mioto ya porini, na kuanzia Desemba njia za udongo mwekundu huwa utelezi.

Pili nilipiga hesabu ya jua. Hapa pana jambo ambalo wageni kutoka Dar es Salaam hawalijui hadi liwapate. Saa zetu ni moja na zao, lakini sisi tuko mbali upande wa magharibi, na kwa hiyo jua letu huchelewa. Mwezi Juni jua huchomoza Tunduma karibu na saa 1 asubuhi na kuzama kama saa 12 na nusu jioni. Ukivuka tu kwenda Nakonde, saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja nzima, na jua ni lile lile. Mpangaji wa safari anayesema kwamba saa 11 alfajiri tutaanza kutembea, anawapeleka watoto wa watu gizani.

Tatu nikapanga mwendo. Kupanda Coaster ya kwenda Mbeya saa 12 asubuhi, kupita Mpemba na Vwawa, na kushuka njia panda ya Kimondo, ambayo iko takriban katikati ya safari ya Tunduma hadi Mbeya. Tungefika hapo saa 1 na nusu, jua likiwa ndiyo kwanza linapata nguvu. Kutoka njia panda ni kilometa 13 hivi. Kijana mwenye afya huenda kilometa 4 hadi 5 kwa saa bila kujilazimisha, kwa hiyo ni mwendo wa saa tatu: Ndolezi saa 4 na nusu. Kukaa hapo saa moja na nusu, kukitazama, kukigusa, kuchora ramani, kula. Kuondoka saa 6, kufika njia panda saa 9, kungoja gari, na kuwa nyumbani saa 11 na nusu, tukiwa bado na saa moja ya mwanga kama akiba ya dharura. Msomaji akague hesabu hiyo mwenyewe.

Nne, mizigo. Kila mmoja lita 3 za maji. Viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, ndizi, na chumvi kidogo katika karatasi. Viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, si vipya vya kuringia, wala si yeboyebo. Kofia. Filimbi mbili, moja mbele na moja nyuma. Bendeji, dawa ya vidonda, na uzi na sindano. Nikaweka na kanuni tatu: barabarani tunapita upande wa kulia ili magari yanayokuja upande wetu tuyaone uso kwa uso, mwenye mwendo mdogo kuliko wote ndiye anayetangulia, ili asiachwe mtu, na kila saa moja tunapumzika dakika kumi, penye kivuli, na hapo hapo tunasoma somo moja la yale tuliyoyapita. Masomo yasingekosekana. Njiani kuna mashamba ya kahawa na vichanja vya kuanikia, kuna matanuri ya matofali yanayokula miti, kuna makorongo yaliyochimbwa na mvua mahali palipolimwa vibaya. Yote haya yamo katika muhtasari wa jiografia, na yote hayaonekani kupitia dirisha la basi lenye vumbi.

Gharama kwa kila mwanafunzi ilikuwa nauli ya kwenda na kurudi pamoja na kiingilio, ambacho kwa raia ni kidogo. Chakula kilikuwa kile ambacho angekula nyumbani.

Nikaupeleka mpango huo kwenye kikao cha shule moja ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa zinazofanana nayo ni nyingi. Mpango haukujadiliwa kwa dakika tano. Mjumbe mmoja aliuliza kama nilitaka watoto wao waonekane njiani kama wakimbizi. Mwingine akasema kwamba shule nyingine huenda kwa mabasi ya kukodi, na sisi tukienda kwa miguu tutachekwa. Hakuna aliyeuliza habari ya maji, wala ya jua, wala ya njia. Kikao kikaunda kamati. Kamati ikaamua mabasi mawili ya kukodi, fulana zenye nembo, pilau na soda, na mpiga picha za video. Mchango ukapanda mara nyingi kupita ule wangu. Siku ilipofika, waliokuwa wamelipa walikwenda, wakashuka, wakapigwa picha, wakala, wakarudi. Zaidi ya nusu ya darasa walibaki.

Nani walibaki? Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wangu. Walibaki watoto wa wakulima wadogo, wa wachuuzi wa nyanya, wa wabeba mizigo wa mpakani. Walibaki wale ambao kila siku ya Mungu hutembea zaidi ya saa moja kuja shuleni na zaidi ya saa moja kurudi, kwa tumbo lililokunywa uji mwepesi, na hakuna kikao kilichowahi kuketi kusema kwamba wanaonekana kama wakimbizi. Miguu yao ni halali inapowaleta kwenye karo na adhabu. Ikitaka kuwapeleka kwenye furaha na elimu inageuka kuwa aibu. Alikuwamo msichana mmoja aliyekuwa akiongoza katika somo langu. Wiki moja kabla ya safari aliniuliza kama kimondo kina ubaridi kama chuma kingine ukikigusa asubuhi. Sikumjibu, kwa kuwa nilitaka akajijibu mwenyewe kwa mkono wake. Naye alibaki. Waliomzuia walikuwa na hakika kwamba wanamlindia heshima.

Nimezisikia hoja za upande wa pili mara nyingi, na ni haki kuzijibu moja baada ya nyingine.

Wako wanaonitupia methali: mtembezi hula miguu yake. Ni methali ya kweli, lakini inamsema mzururaji, anayezunguka nyumba za watu bila kazi mpaka anakosa hata chakula. Wahenga hao hao walisema pia, tembea uone. Hawakuwa wakijipinga. Walijua kutofautisha kati ya mtu anayekimbia kazi na mtu anayefuata maarifa. Tofauti hiyo sisi tumeipoteza, na badala yake tumeweka tofauti nyingine ya kijinga kabisa: aliye na gari na asiye na gari.

Wako wanaosema ni hatari. Hoja hii naiheshimu, kwa maana barabara kuu ya kwenda Zambia inaua. Malori yanapita usiku na mchana, yenye shaba, yenye mafuta, yenye makontena. Na katikati yao hupita magari ya IT yanayokimbizwa kutoka bandarini kwenda kwa wenyewe, kila dereva akitaka kuwahi mpakani. Ndiyo sababu mpango wangu uliikwepa barabara hiyo kwa basi na kuanza kutembea mahali inapoachwa. Lakini hebu tuseme ukweli wote. Hatari hiyo haikuletwa na waendao kwa miguu. Dawa yake ni njia ya waenda kwa miguu kando ya lami, iliyotenganishwa na magari, katika kila mji ambao barabara inaupasua: Tunduma, Mpemba, Vwawa, Mlowo. Mahali inapokosekana, mtoto wa darasa la kwanza hupita bega kwa bega na lori la tani 30. Wanaoikumbuka hatari pale tu mwalimu anapotaka kwenda Ndolezi, na kuisahau kila asubuhi kengele ya shule inapolia, hawaogopi ajali. Wanaogopa kuchekwa.

Wako wanaosema huku kwetu hakuna cha kuona. Ati mtu akitaka kutalii aende Ngorongoro au Zanzibar. Hao siwalaumu sana, kwa kuwa wamefundishwa kuuona mkoa wao kama ukumbi wa kupita. Hata jina la mkoa linawachanganya. Kuna mto Songwe unaomwaga maji Ziwa Rukwa, ambao upande wa mashariki hututenga na Mbeya. Na kuna mto Songwe mwingine unaopita kusini mwa Ileje na kuwa mpaka wetu na Malawi kabla ya kuingia Ziwa Nyasa. Mito miwili, jina moja, na kila mmoja unakimbilia upande wake. Tena kuna uwanja wa ndege wa Songwe, ambao uko mkoani Mbeya. Mgeni anayeshuka hapo akidhani amefika Songwe, bado ana safari. Katika bonde la ule Songwe wa kaskazini kuna chemchemi za maji moto na miamba ya chokaa yenye mapango. Kuna ukingo wa Bonde la Ufa ambapo nchi inaporomoka kuelekea Rukwa, na mtu akisimama hapo anauona upeo wa dunia. Nchi yenye mambo hayo haiwezi kuitwa tupu.

Lakini msomaji atambue kwamba fikra hii ya ukumbi wa kupita haikuanza jana, na haikuanza kwetu. Katika miaka ya 1880 Waingereza walianza kutengeneza barabara ya Stevenson kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ili mizigo ipite. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikaa Ulaya wakakubaliana mpaka kati ya maziwa hayo mawili, na Wanamwanga wakajikuta wamo katika himaya mbili bila kuhama nyumba. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kupeleka mafuta Ndola. Kati ya mwaka 1970 na 1975 ikajengwa reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa jasho la Watanzania, Wazambia na Wachina. Mwaka 2019 kikafunguliwa kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, ili malori yasikae sana. Sizibezi kazi hizi. Reli na bomba viliiokoa Zambia wakati walowezi wa Rhodesia walipokuwa wakiikaba koo, na mimi mwenyewe nimekula matunda ya biashara ya mpaka huu. Ninachosema ni kwamba karibu kila kitu kikubwa kilichojengwa hapa kilijengwa kwa ajili ya kitu kinachopita. Anayezaliwa hapa hukua akiamini kwamba naye ni wa kupita, kwamba maisha yako Dar es Salaam au Lusaka, na kwamba ardhi iliyo kati ni umbali wa kuvumiliwa. Kimondo kinamwambia kinyume. Kilisafiri kutoka mbali kupita lori lolote, na kilipofika hapa kilikaa.

Tazama pia jinsi wenzetu wanavyofanya. Kusini mwa Tokyo, mwendo wa kama saa moja kwa treni, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Enoshima. Mzunguko wake hauzidi kilometa 4 au 5. Kimeunganishwa na nchi kavu kwa daraja ambalo watu hulivuka kwa miguu. Kuna nini huko? Kuna hekalu, ngazi nyingi za mawe, mapango yaliyochongwa na mawimbi, na mahali pa kutazama bahari. Watu wamekuwa wakienda kuhiji na kutembea hapo kwa karne nyingi, na mpaka leo mfanyakazi wa Tokyo siku yake ya mapumziko hufunga chakula chake, hupanda treni, akapanda zile ngazi kwa miguu yake, na jioni akarudi kwake. Hakuna anayemuuliza kama amekosa gari. Na hapa ndipo ninapocheka kwa uchungu: magari yanayotufanya tuione miguu kuwa aibu yametoka kwao! Yale ya IT yanayopita Tunduma kila siku, karibu yote yalikwisha kutumika Japani kabla ya kupakiwa melini. Waliotengeneza gari, wakaliendesha mpaka wakalichoka, hawaoni haya kutembea. Sisi tuliolinunua likiwa limechakaa ndio tunaoona haya.

Wala tusidanganyane kwamba kutembea ni uzungu au ujapani. Neno safari, kabla halijawa la magari na la watalii, liliwahusu watu waliokwenda kwa miguu miezi kadhaa kutoka pwani hadi Tabora na Ujiji, na wapagazi walioibeba biashara yote ya bara hili mabegani. Na mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliondoka Butiama akatembea kwa miguu hadi Mwanza. Alikuwa rais, gari alikuwa nalo. Alitembea kwa sababu alijua kwamba kiongozi anayetembea hukutana na watu, na anayepita kwenye gari hukutana na mikono inayopunga. Wako watakaosema kwamba hata leo viongozi wetu hutembea. Ni kweli, hutembea katika matembezi ya hisani, kilometa 5, wakiwa na fulana mpya, bendi ya tarumbeta mbele, gari la wagonjwa nyuma, na mgeni rasmi katikati. Hiyo ndiyo namna pekee ya kutembea iliyobaki na heshima katika nchi yetu: ile yenye mgeni rasmi. Mama anayetembea na ndoo kichwani umbali ule ule hahesabiwi kuwa ametembea.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mgonjwa atembee, wala mzee asiyejiweza, wala mtoto mdogo abebeshwe kilometa 26 kwa siku moja. Wasioweza wapande bodaboda kutoka njia panda, na wenye kuweza nusu watembee nusu. Mpango mzuri hutengeneza nafasi kwa wote. Wala sisemi kwamba yule anayelazimika kutembea kila siku kwa kukosa njia nyingine afurahie shida yake. La. Hospitali na iwe karibu, shule na iwe karibu, usafiri na uwe rahisi. Ninachokipinga ni kumtwika maskini mizigo miwili: kumwachia miguu kama chombo chake pekee, kisha kumwambia kwamba chombo hicho ni cha kuonea haya, na kwa hiyo asikitumie hata pale kinapoweza kumfikisha anakotaka yeye mwenyewe.

Mambo ninayoyadai si makubwa. Kila shule ya sekondari katika mkoa huu iwe na siku moja katika mwaka ya kwenda Ndolezi, na sehemu ya safari hiyo iwe ya miguu, ili asiachwe mwanafunzi kwa kukosa mchango. Kamati za fulana zivunjwe. Halmashauri zinapoomba barabara ziombe pia njia za waenda kwa miguu, na ziombe kwa sauti ile ile. Tarehe 30 Juni ni siku ya vimondo duniani. Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2016 kukumbuka mlipuko wa Tunguska, kule Siberia, wa mwaka 1908. Kila tunapoiadhimisha siku hiyo hapa kwetu, viongozi washuke katika magari yao njia panda, wavae kofia, wabebe maji yao, waje kwa miguu pamoja na wanafunzi. Watajifunza mengi kuhusu barabara wanazozisimamia.

Mimi sikungoja kikao kingine. Tangu nilipostaafu, Jumamosi ya kwanza ya mwezi Julai huondoka na yeyote anayetaka, kijana au mtu mzima, kwa mpango ule ule: Coaster ya saa 12 asubuhi, njia panda saa 1 na nusu, Ndolezi saa 4 na nusu. Yule msichana alikuja mwaka wa kwanza, akiwa amekwisha kumaliza shule. Akaweka kiganja chake juu ya chuma kile, akanyamaza, na jibu lake akalibeba mwenyewe. Mwaka huu pia nitakwenda. Mwenye hoja ya kunipinga namkaribisha aje na lita zake 3 za maji na viatu vilivyozoea mguu. Kilometa 13 zinatosha kabisa kubishana.